Ikola wanacheza kwa kalenda ya mwezi, na mtoto naye ana zamu yake

KAMA unataka kujua lini kuna mechi kali Ikola, usihangaike kuulizia ratiba. Subiri usiku uingie, toka nje, tazama juu. Mwezi ukiwa umejaa, kesho jioni kuna mpira.

Siyo ushirikina, ni uvuvi. Dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za sola na betri. Dagaa wanaufuata mwanga, wanajikusanya, wavu unainuliwa. Lakini mbalamwezi ikishamwagika ziwa zima, taa yako haina ujanja. Dagaa wanatawanyika na mafuta ya injini yanaungua bure. Ndiyo maana siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu, wavuvi wa dagaa wanabaki nchi kavu. Wanashona nyavu, wanaziba mitumbwi, na wanacheza mpira.

Ikola ni kata ya mwambao katika Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, jirani na Karema, zaidi ya kilomita 100 kutoka Mpanda mjini. Ng'ambo ya maji ni Congo. Kwa shabiki wa Simba na Yanga, ramani yake ni rahisi kuikumbuka. Fainali ya Kombe la FA mwaka 2020 ilichezwa Sumbawanga, Simba ikaifunga Namungo 2-1. Mwaka uliofuata, Julai 25, fainali ikapelekwa Kigoma, Simba ikaifunga Yanga 1-0 kwa bao la Taddeo Lwanga. Ikola ipo kati ya miji hiyo miwili. Mpira mkubwa ulipita kusini kwao, kisha ukapita kaskazini kwao. Wao wakabaki na ndondo yao, chini ya mwezi wao.

Na hapo ndipo penye shughuli, kwa sababu wiki hiyo ya mwezi haisubiriwi na timu peke yake. Nyumbani nako inasubiriwa.

BEKI WA KUSHOTO MWENYE MTOTO WA MIEZI MINANE

Chukua beki wa kushoto yeyote wa kijiji cha ziwani. Tuseme ana miaka 24. Juzi tu alikuwa na jina la uwanjani, leo anaitwa baba fulani. Mkewe ana miaka 21, mtoto ana miezi minane.

Siku za giza, yaani zile zisizo na mbalamwezi, maisha yake yako hivi. Jioni anaingia ziwani. Alfajiri anarudi mwaloni, mzigo unashushwa, bei inapatanwa. Mke anachukua sehemu yake, anaanika dagaa, anawageuza, anafukuza kuku na kunguru, huku mtoto yuko mgongoni. Mume anaoga, anakula, analala. Akiamka ni alasiri. Kabla hajarudi majini ana saa mbili hivi za kuwa binadamu wa kawaida.

Saa hizo mbili ndizo zinazogombaniwa. Mazoezi yanaanza saa 10 jioni, na saa 10 hiyohiyo mtoto ameamka, anataka kubebwa.

Ikola ina bahati moja ambayo Dar es Salaam haina. Iko magharibi mwa nchi, lakini saa zetu ni zilezile. Jua linazama kule kama nusu saa au zaidi baada ya Dar. Wakati watu wa Temeke wameshawasha taa, Ikola bado unaona mpira vizuri, jua likishukia upande wa Congo. Nusu saa ya mwanga ni kitu kikubwa kwa baba kijana. Tatizo ni kwamba mara nyingi nayo inaishia uwanjani, au kwenye benchi baada ya mechi, watu wakibishana kama lile lilikuwa goli au la.

HESABU INAYOUMA

Hebu tupige hesabu. Mwezi mpevu unarudi kila baada ya siku 29 na nusu. Kwa mwaka ni mara 12, miaka mingine 13. Maana yake, mtoto wa mvuvi wa dagaa anayetimiza mwaka mmoja amepata vipindi 12 au 13 tu vya kulala usiku baba akiwa ndani. Akifika miaka mitatu amepata kama 37. Hizo ndizo nafasi zote za kumzoea baba kabla hajaanza kukimbia na wenzake mchangani.

Sasa chukua kipindi kimoja katika hivyo, toa siku ya mechi, toa siku ya marudiano, toa siku ya kwenda kijiji cha pili kwa boti kugombea mbuzi. Kinabaki nini? Mtoto anamwona baba, analia, anamkimbilia bibi. Kila mtu anacheka. Baba naye anacheka, lakini usiku akiwa majini lile jambo linamrudia.

Ndiyo maana vijana wengi wa mwambao wanaacha mpira mapema. Unamwona straika hatari akiwa na miaka 19. Akioa, ndani ya misimu miwili huwasikii tena miguu yake. Watu wanasema ameshuka kiwango. Kiwango hakijashuka. Kuna siku amesimama mlangoni na njumu mkononi, akatazamwa na watu wawili, mmoja mkubwa na mmoja mdogo, akazirudisha uvunguni. Wengine wanachagua kinyume. Wanabaki uwanjani, na ndoa ndiyo inayoachwa benchi.

MIEZI MITATU YA 2024

Mtu anaweza kusema dawa ni muda, wapewe muda hawa vijana. Muda waliupata. Nchi nne zinazochangia ziwa hili, Tanzania, Congo, Burundi na Zambia, zilikubaliana kupumzisha uvuvi ili samaki wazaliane. Kwa upande wetu ziwa lilifungwa Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024.

Shabiki unakumbuka kilichokuwa kikiendelea. Juni 11, Taifa Stars iliifunga Zambia 1-0 kulekule Ndola kwa bao la Waziri Junior, nayo Zambia ni jirani wa ziwa hilihili. Siku tatu baadaye ikaanza Euro ya Ujerumani, ikaisha Julai 14 Hispania ikiifunga England 2-1. Mashindano yote, mechi ya kwanza hadi ya mwisho, yaliangukia ndani ya kipindi ambacho wavuvi wa mwambao mzima hawakuwa na kazi ya usiku.

Muda ulikuwepo, hela haikuwepo. Na mwanamume asiye na hela nyumbani hapakaliki. Kibanda umiza kinamvuta, kwa sababu pale hakuna anayemuuliza unga. Miezi mitatu ya kuwa nchi kavu haikumfanya mtu kuwa baba wa karibu kwa sababu tu yuko kijijini. Unaweza kuwa mita 200 kutoka kwenu, ukawa mbali kuliko ungekuwa katikati ya ziwa.

Kwa hiyo suala si wingi wa saa. Ni zile saa chache zilizopo, nani yumo ndani yake.

NA MAMA JE?

Tunapozungumzia michezo kijijini huwa tunamzungumzia kijana wa kiume. Mkewe tunamweka kwenye sentensi ya mwisho, kama mtu wa kufua jezi. Lakini ukitafuta nani Ikola hana kabisa saa ya kucheza, ni yeye. Usiseme anafanya mazoezi kwa kubeba ndoo za dagaa. Kuvuta wavu nako ni kazi ya mwili, mbona mumewe bado anatamani mpira? Mwili ukifanya kazi unachoka, ukicheza unapumua. Hivyo ni vitu viwili.

Binti huyu wa miaka 21 huenda miaka michache iliyopita alikuwa anarusha netiboli au anapiga chenga shuleni. Mwaka 2022 Serengeti Girls walifika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India. Wale ni rika lake. Yeye akishajifungua, hakuna anayemuuliza lini anarudi uwanjani.

Mpira mkubwa umeshaanza kuuliza. Tangu Januari 2021, kanuni za FIFA zinampa mchezaji wa kulipwa anayejifungua likizo isiyopungua wiki 14, zikiwemo 8 baada ya kujifungua, na klabu hairuhusiwi kumwacha kwa sababu ya mimba. Baba mwajiriwa hapa Tanzania sheria inampa siku zisizopungua 3. Mvuvi hana mwajiri wa kumwandikia barua. Likizo yake inaandikwa na mwezi, basi angalau aigawe vizuri.

KUGAWA ZAMU

Hili halihitaji mfadhili wala semina. Timu ya kijiji inaweza kukubaliana mambo matatu kabla mwezi haujajaa.

Kwanza, mechi kubwa iwe moja kwa kipindi, na ichezwe nyumbani. Mechi ya kusafiri kwa boti inakula siku nzima, na siku nzima katika wiki moja ya mwezi ni nyingi mno.

Pili, watoto waje uwanjani, na walindwe na wachezaji wenyewe kwa zamu. Timu ina watu 18 au 20, wanaocheza ni 11. Wale wa benchi wana mikono. Aliyetolewa kipindi cha pili akabidhiwe mtoto wake palepale. Na kwa kuwa uwanja uko karibu na maji, mlinzi wa watoto asiwe mtu anayefuata mpira kwa macho. Ziwa lina mamba, na maji hayana huruma.

Tatu, kabla ya mechi ya wanaume kuwe na saa moja ya kina mama. Netiboli, soka, rede, wachague wenyewe. Waume zao wakae nje na watoto mapajani, wapige makofi, waone inavyokuwa kushangilia huku mtu anakuvuta sikio.

Wapo watakaocheka. Beki wa kushoto na mtoto begani, hiyo ni timu au kliniki? Lakini huyo beki akiruhusiwa kuja hivyo, atakuwepo uwanjani msimu ujao, na ule mwingine. Akizuiwa, utamtafuta mbavu ya kushoto na humpati.

Mtoto wa miezi minane leo, mwezi mpevu ujao atakuwa na miezi tisa. Huenda kufikia hapo atakuwa anajishikilia kwenye ukuta na kusimama. Siku hiyo kuna mechi. Ni vizuri asimamie pembeni ya uwanja, ameshika mguu wa mtu anayemjua.