Kutoka Chuo cha Miaka Miwili hadi Maabara: Neno kwa Wazazi Wenye Watoto Marekani

Huku kwetu Kigoma, ambako kambi ya Nyarugusu imewapokea ndugu zetu wa Kongo tangu mwaka 1996, wako wazazi wengi walioagana na watoto waliopewa makazi Marekani. Baada ya Misa hutujia na swali linalofanana: “Padri, mtoto alituambia anakwenda kusomea sayansi, sasa tunasikia yuko kwenye chuo cha jamii cha miaka miwili. Je, amefeli?” Hajafeli. Lakini njia aliyoishika ina mahali pa kuvukia ambapo wengi hukwama, na inafaa familia ipajue.

Vyuo vya jamii ni vyuo vya umma vilivyo karibu na wananchi. Kile kinachotajwa kuwa cha kwanza kilianza mwaka 1901 mjini Joliet, jimbo la Illinois. Leo vipo takriban 1,000. Ada yake ni nafuu na mlango wake u wazi kwa karibu kila mwenye cheti cha sekondari. Mwanafunzi husoma miaka miwili, kisha, mambo yakienda sawa, huhamia chuo kikuu na kuendelea na mwaka wa tatu wa shahada. Humo huingia wahamiaji, Wamarekani Weusi, watu wa asili ya Amerika ya Kilatini, mama wenye watoto na wale ambao katika ukoo wao hakuna aliyewahi kukanyaga chuo. Wengi wao ni wa makundi yale yale ambayo ni adimu katika maabara za nchi hiyo.

Takriban wanafunzi wanane kati ya kumi huingia wakitamani kufikia shahada. Wanaohamia chuo kikuu ni karibu theluthi moja, na wanaoipata shahada yenyewe ndani ya miaka sita ni kama 16 katika kila 100. Hatuamini kwamba Mungu aliwanyima hao wengine akili. Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani ilieleza kwamba wanafunzi waliohama kutoka chuo kimoja kwenda kingine walipoteza, kwa wastani, asilimia 43 ya krediti zao: masomo waliyoyalipia na kuyafaulu hayakutambuliwa walikokwenda.

Katika sayansi jeraha hili ni kubwa zaidi, kwa kuwa masomo yake hupandwa kama ngazi. Huwezi kusoma kemia ogania kabla ya kemia ya msingi, wala fizikia ya uhandisi bila kalkulasi. Aliyekosa somo moja muhula huu huenda akasubiri mwaka mzima. Na aliyeshauriwa achukue tu “masomo ya jumla” atafika chuo kikuu akiwa na miaka miwili mkononi, huku sayansi akiianza chini kabisa.

Kuna kikwazo cha pili kisichoonekana kwenye ratiba. Mtafiti hulelewa maabarani, kando ya mwalimu anayemfahamu na atakayemwandikia barua ya kumpendekeza. Kijana anayefanya kazi usiku ghalani hawezi kujitolea bure maabarani mchana. Kodi ya nyumba haingoji. Ndiyo maana programu zilizobuniwa kuwavusha, kama zile zilizoanzishwa na Mfuko wa Taifa wa Sayansi mwaka 1991 na baadaye Taasisi za Taifa za Afya, zilikiunganisha chuo cha jamii na chuo kikuu na kumlipa mwanafunzi afanye utafiti, hasa wakati wa kiangazi. Fedha za serikali huja na kuondoka, kwa hiyo sharti kuuliza kila mwaka ipi ingali hai.

Kanisa halipaswi kuliona jambo hili kuwa geni. Gregor Mendel, mtoto wa mkulima, aliweza kusoma kwa sababu dada yake mdogo alitoa sehemu ya mali aliyotengewa kwa ajili ya ndoa. Akiwa mtawa huko Brno, alishindwa mtihani wa ualimu mwaka 1850. Abate wake, Cyrill Napp, hakumfungia jikoni. Alimpeleka Chuo Kikuu cha Vienna mwaka uliofuata. (Mtihani huo hakuupata kamwe.) Mwaka 1866 yakachapishwa majaribio yake ya njegere, ambayo juu yake elimu ya urithi wa viumbe imejengwa. Karibu na siku zetu, Wajesuiti wa Chicago walifungua Chuo cha Arrupe mwaka 2015, cha miaka miwili, kwa vijana wa familia zenye kipato kidogo. Hakikuanzishwa kwa ajili ya sayansi hasa, lakini waanzilishi wake walielewa kwamba mwenye njaa hasomi, wakaweka na chakula.

Basi mnapoongea na mtoto kwa simu, msimwulize tu kama anafaulu. Mwulizeni anakusudia kuhamia chuo kikuu kipi, na kama amepata kwa maandishi orodha ya masomo ambayo chuo hicho kitayapokea. Mwulizeni ameanza hisabati muhula gani. Mwulizeni pia kama yupo mwalimu mmoja wa sayansi anayemjua kwa jina. Kama hayupo, aende ofisini kwa mwalimu wake wa kemia wiki hii, bila kungoja mwaka wa pili.