Nani Ana Mamlaka ya Kuua Programu?

Machi 2014, wasanii wa filamu za katuni waliokuwa wakitumia Softimage waliarifiwa kwamba toleo linalofuata ndilo la mwisho. Programu hiyo, ya kampuni iliyoanzishwa na Daniel Langlois mjini Montréal mwaka 1986, ndiyo iliyotumika kuwatembeza dinosaria wa Jurassic Park. Microsoft waliinunua mwaka 1994, wakawauzia Avid, na mwaka 2008 ikaangukia mikononi mwa Autodesk, waliokuwa tayari wanamiliki Maya na 3ds Max. Kampuni moja, programu tatu za kazi ileile. Softimage haikuwa mbovu. Ilikuwa ya ziada tu katika hesabu za mwenye mali. Mafundi walioizoea kwa miaka mingi walilalamika sana, lakini hakuna aliyekuwa na haki ya kuuchukua msimbo wake na kuuendeleza.

Blender, programu nyingine ya kazi hiyohiyo, nayo iliwahi kufika ukingoni mwa kaburi. Mapema mwaka 2002 wawekezaji waliifunga kampuni ya Mholanzi Ton Roosendaal iliyokuwa ikiitengeneza. Alipowaomba wamwachie msimbo, walitaka euro 100,000. Julai akaanza kuchangisha, na ndani ya wiki saba watumiaji walikuwa wameshazitimiza. Oktoba 13 msimbo ukatolewa kwa leseni ya GPL: yeyote anaweza kuusoma, kuubadili na kuusambaza, mradi anayesambaza toleo lake asiwafiche wenzake msimbo huo. Kwangu hapo ndipo penye tofauti kubwa, kuliko hata bei.

Uhuru huo, hata hivyo, haukumfanya kila mtumiaji kuwa mwamuzi. Kwa miaka mingi Blender ilichagua vitu kwa kitufe cha kulia cha kipanya, kinyume na walivyozoea wengi, na wageni waliendelea kulalamika hadi toleo la 2.80 lilipotoka Julai 2019. Kampuni inayoishi kwa mauzo ingewasikia mapema zaidi. Wala fedha za wafanyabiashara hazikukataliwa: mwezi huohuo Epic Games, watengenezaji wa michezo ya kompyuta, waliahidi dola milioni 1.2.

Ubunifu wenyewe ulitoka studioni. Kuanzia Elephants Dream ya mwaka 2006, wakfu wa Blender umekuwa ukitengeneza filamu zake wenyewe, waandishi wa programu wakifanya kazi bega kwa bega na wasanii. Big Buck Bunny, iliyojaa wanyama wenye manyoya, ililazimisha programu ijifunze kuchora manyoya vizuri zaidi.

Toleo la 2.80 lilileta pia Eevee, injini inayomwonyesha msanii mwanga na vivuli papo hapo anapofanya kazi. Gints Zilbalodis wa Latvia, aliyekuwa ametengeneza filamu yake ya awali kwa Maya, akahamia Blender. Machi 2025 filamu yake Flow, inayomfuata paka katika dunia iliyogharikishwa, ilitwaa Oscar mbele ya Inside Out 2 ya Pixar na The Wild Robot ya DreamWorks. Picha zake zilitolewa kwa Eevee, iliyomo pia katika nakala ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuipakua leo bila kulipa.