Usingizi wa Mama na Sukari Mwilini

Mwaka jana kamati ya msikiti wetu, hapa Dodoma, ilipanga darsa la akina mama lianze baada ya sala ya Isha na kumalizika saa nne usiku. Tulidhani tumewafaa, kwani mchana wako sokoni, ofisini au shambani. Baada ya wiki chache mahudhurio yalipungua, na nusu ya waliokuja walikuwa wakisinzia. Mimi ndiye niliyeandika katika muhtasari wa kikao kwamba akina mama wamepungukiwa na hima.

Muhtasari ule uliposomwa, dada mmoja ambaye ni muuguzi aliomba ruhusa ya kuuliza swali moja tu: "Katibu, mkeo hulala saa ngapi, na huamka saa ngapi?" Sikuwa na jibu. Nilirudi nyumbani nikahesabu. Hulala saa tano na nusu, baada ya vyombo na sare za watoto. Huamka saa kumi na nusu, kabla ya adhana ya Alfajiri, kuwasha jiko. Ni saa tano, na katikati yake kuna kilio cha mtoto mchanga. Mimi hulala saa nne. (Ameniridhia kuyaandika haya.)

Allah (s.w.) ameutaja usingizi katika Surat An-Nabai miongoni mwa neema Zake. Wataalamu wa tiba nao wanatuonesha kwamba mwili uliolala una kazi nyingi, na sehemu kubwa ya kazi hizo huendeshwa na homoni.

Giza linapoingia, tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo humimina homoni iitwayo melatonini, inayoujulisha mwili kuwa usiku umefika. Kongosho hupokea habari hiyo na kupunguza utoaji wa insulini, ambayo ndiyo huiingiza sukari ya damu katika misuli na viungo vingine. Sasa mtazame mama anayewapakulia wote, kisha akala mwisho, saa nne usiku. Anakula ugali wake wakati kongosho limekwisha kufunga duka, na sukari ile hukaa katika damu muda mrefu zaidi. Mwanga mkali wa taa na wa simu huichelewesha melatonini yenyewe.

Homoni ya pili ni kotisoli. Kwa kawaida hushuka jioni na kupanda karibu na alfajiri ili kumwamsha mtu. Asiyelala vya kutosha huwa nayo juu hata jioni, nayo hulisukuma ini kutoa sukari na kuidhoofisha kazi ya insulini. Kisha kuna mbili za njaa: leptini, inayotoa habari ya shibe, na grelini, inayotoka tumboni na kuamsha hamu ya kula. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago waliwalaza vijana 12 saa nne tu kwa siku mbili. Walipolinganishwa na walivyokuwa walipopewa saa kumi kitandani, leptini ilikuwa chini kwa asilimia 18, grelini juu kwa asilimia 28, na njaa ilizidi, hasa ya vitu vitamu na vya wanga. Basi dada anayemaliza sahani ya maandazi saa nne asubuhi asiharakishwe kuitwa mlafi.

Vijana wale 12 walikuwa wanaume, na kwa muda mrefu utafiti wa namna hii ulifanywa hivyo hivyo. Matokeo ya utafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, yaliyotangazwa mwishoni mwa mwaka 2023, yalikuwa ya wanawake 38 waliozoea kulala saa saba au zaidi. Walipunguziwa saa moja na nusu tu kila usiku, kwa wiki sita. Ukaidi wa mwili dhidi ya insulini uliongezeka kwa takriban asilimia 15, na kwa waliokwisha koma hedhi ulizidi asilimia 20. Tena ongezeko hilo halikutokana na kunenepa. Saa moja na nusu ni kiasi kile kile darsa letu lilichokuwa likiwanyang'anya.

Mzee mmoja wa kamati alipinga. Alisema bibi zetu walitwanga mtama usiku na kuamka na jogoo, wala hawakujua kisukari. Hoja yake si ya kupuuzwa. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, kaskazini mwa uwanda wetu huu, walipimwa usingizi wao pamoja na jamii nyingine mbili za Namibia na Bolivia, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015: wastani wa usingizi ulikuwa kati ya saa 5.7 na 7.1, wala si nane. Lakini tangu kulala hadi kuamka ilikuwa saa 6.9 hadi 8.5, usiku wao ni wa giza, na mchana wao ni wa kutembea mwendo mrefu kutafuta chakula. Mama wa Nkuhungu au Chang'ombe ana usiku mfupi chini ya taa, na mchana wa kukaa. Hafanani na bibi yake.

Wapo pia wenye zamu za usiku, wakiwemo wauguzi wetu. Wauguzi wa kike wapatao 177,000 wa Marekani walifuatiliwa kwa miaka mingi, na mwaka 2011 ikaelezwa kwamba waliofanya zamu za kupokezana za usiku kwa miaka 20 na zaidi walikuwa na hatari ya kisukari iliyozidi kwa asilimia 58 ile ya wasiozifanya. Sehemu ya ziada hiyo ilitokana na uzito wa mwili, si yote.

Usingizi si sababu pekee ya kisukari, na anayetumia dawa asiziache kwa kusoma makala hii. Mwenye kukoroma sana, kiu isiyokwisha au uchovu wa kudumu aende kituo cha afya apimwe sukari.

Huenda msomaji akauliza: na tahajjud? Mtume (s.a.w.) hakupenda kulala kabla ya Isha wala mazungumzo baada yake. Anayelala mapema huweza kusimama usiku bila kuuibia mwili haki yake, na usingizi mfupi wa mchana, qailula, ni katika sunna. Lakini mama hawezi kulala mapema ikiwa sisi tunasubiri chai saa tano usiku.

Darsa sasa huanza saa kumi alasiri, na nimeomba sentensi yangu ifutwe katika muhtasari. Akina mama wamewasilisha ajenda yao kwa kikao kijacho: katika Ramadhani, nani ataamka saa tisa usiku kupika daku, na je, ni lazima awe mtu yule yule kwa siku zote thelathini. Wajumbe wawili wameomba ajenda hiyo iahirishwe. Nimeiweka ya kwanza.