Maji Yatokapo Chini ya Sakafu

Paa likivuja, kila mtu huona. Tone laanguka kichwani, watoto wapiga kelele, na baba wa nyumba hutafuta ngazi. Lakini maji yanayopanda kutoka chini hayapigi hodi. Wakati wa masika sakafu ya saruji yenye ufa huanza kuwa nyeusi kidogo kidogo, mkeka walowa upande wa chini, na gunia la mahindi lililo pembeni laota ukungu.

Msidhani hili ni jambo dogo. Ukungu wa namna fulani hutia katika nafaka sumu iitwayo sumukuvu, wala kuchemsha hakuiondoi. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao walikufa. Mahindi mengi yalikuwa yamewekwa ndani ya nyumba yakiwa na unyevu. Basi, sakafu kavu ni ulinzi wa chakula na wa afya ya watoto wanaolala chini.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli. Lakini ufa wa sakafu huzibwa kwanza kwa jembe, kisha kwa mwiko. Wengi hufanya kinyume. Huchanganya karai moja la saruji, hupaka juu ya ufa, na mvua kubwa ya kwanza hukibandua kiraka. Sababu yake ni hii: nyumba nyingi za milimani, kama kule Upare, Usambara na Uluguru, zimejengwa kwa kukata mteremko, na ardhi iliyo nyuma yake iko juu kuliko sakafu. Mvua ikiijaza ardhi ile maji mpaka kimo cha mita 1 kupita sakafu, maji hayo yaweza kuisukuma sakafu kutoka chini kwa nguvu ya kilo 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Kiraka chembamba kitashindana nayo namna gani?

Kwanza mjue adui yako. Chukua kipande cha nailoni cha futi 1 kila upande, ukitandaze sakafuni, ukandamize kingo zake kwa mbao, ukiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa chini, unyevu watoka ardhini. Ukiyakuta upande wa juu, unyevu ni wa hewa ya chumbani: fungua madirisha. Kisha angalia saa. Maji yakija mara baada ya mvua na kukauka upesi, huenda yatoka kwenye paa au uani. Yakidumu majuma mengi, ardhi yenyewe imejaa. Na yakinuka, tazama choo cha shimo kilicho upande wa juu. Maji hayo yana maradhi, watoto wasiyachezee.

Sasa twende nje. Bati la nyumba yenye urefu wa mita 8 na upana wa mita 6, likinyeshewa mvua ya milimita 20 tu, humwaga karibu lita 960, yaani mapipa matano yanakaribia kujaa. Bila mfereji wa bati, maji yote hayo huangukia mguuni pa ukuta. Weka mfereji, nawe utapata maji ya kufulia. Udongo unaozunguka nyumba nao uinamie nje, usiinamie ukutani.

Upande wa mlima chimba mtaro, ukiuacha mbali na ukuta mita 1 na nusu au zaidi, usije ukaudhoofisha msingi. Kina chake kipite chini ya sakafu kwa futi 1. Tia mawe ndani, uupe mteremko mpaka migombani, usiuelekeze kwa jirani.

Kiangazi kikifika, na sakafu ikikauka, ndipo ushike tindo na nyundo. Panua ufa, chini uwe mpana kuliko juu, ili kiraka kishikwe. Fagia vumbi, lowesha kidogo, jaza saruji fungu 1 kwa mchanga safi mafungu 3. Funika kwa gunia bichi siku 7, maana saruji inayokauka upesi hupasuka. Lakini sakafu ikilia kama ngoma unapoigonga, chini yake ni patupu. Hapo kiraka hakifai. Ivunje sehemu hiyo, ushindilie upya.

Na wewe unayejenga sasa, inua sakafu futi 1 juu ya ardhi ya nje. Panga mawe ya kimo cha sentimita 15, shindilia, tandika nailoni nzito, kisha mwaga zege la sentimita 10: saruji 1, mchanga 2, kokoto 4. Nailoni hiyo ndogo ni nafuu kuliko kuvunja sakafu nzima baadaye.

Iko hali moja ambayo mtaro hauwezi kuiponya. Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda mno, na nyumba nyingi za pwani yake ziliingiwa na maji. Ziwa linapoinuka, maji ya ardhini huinuka pamoja nalo. Penye hatari hiyo, heri kujenga juu zaidi.

Wakati kazi haijaisha, usiache magunia chini. Panga mawe au magogo, weka mbao juu yake, na magunia yakae mbali na ukuta, hewa ipite. Gunia lililokwisha kuota ukungu lisipikwe wala kupewa kuku. Hasara ya gunia moja ni chungu, lakini shamba litazaa tena mwakani.