MOSHI WA JIKONI HAUISHII MACHONI

Tukitembelea vikundi, kuna swali ambalo hutufikia mara kwa mara, hasa kutoka kwa akina mama: "Mbona fulani ana kifua kila siku, na hajawahi kuvuta sigara?" Wengine hujibu kwamba ni baridi, wengine vumbi la shamba. Wengine, tunasikitika kusema, humshuku jirani. Kabla ya kumshuku mtu, tungewaomba wanakikundi waingie jikoni mwa mama huyo na kuangalia juu. Kama paa ni jeusi na masizi yananing'inia kama nyuzi, basi jueni hayo ni yale yaliyonaswa na paa tu. Mengine yaliingia kifuani mwake, miaka yote hiyo.

Hatuzungumzi juu ya watu wachache. Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba asilimia 55 ya nyumba za Kenya zilitegemea kuni kupikia, na karibu asilimia 12 makaa. Mama huwasha moto alfajiri kwa chai, anawasha tena mchana, na jioni anasonga ugali. Siku ya githeri moto unakaa saa tatu au zaidi. Wakati huo wote mtoto mchanga yuko mgongoni na yule mkubwa kidogo ameketi karibu na mafiga akiota moto. Baba, mara nyingi, yuko nje akingoja kuitwa.

Sasa moshi huu una nini? Una chembe na una gesi. Chembe kubwa hunaswa puani, ndiyo maana kamasi za mpishi huwa nyeusi. Hizo si za kuogopesha sana. Zinazodhuru zaidi ni zile ndogo kabisa, ambazo ukizipanga kama thelathini hivi ndipo unapata unene wa unywele mmoja. Pua haiwezi kuzizuia. Zinashuka mpaka kwenye vifuko vidogo vya mwisho ndani ya mapafu, mahali ambapo damu huchukua hewa safi. Zikizoea kufika huko, njia za hewa huvimba, hutoa makohozi, na polepole huwa nyembamba. Mwanzoni mama anakohoa asubuhi tu. Baada ya miaka mingi anapanda kilima kidogo na ndoo ya maji, anasimama mara tatu akitweta. Hapo dawa zinaweza kumpa nafuu, lakini mapafu yaliyokwisha kuharibika namna hiyo hayarudi kuwa mapya. Kwa watoto wadogo shida huja upesi zaidi, maana moshi huwafungulia mlango wa nimonia.

Hayo ya kifua wengi wanakubali. Tukisema moshi unadhuru moyo pia, watu hutazamana. Lakini fikirini: damu yote inayosukumwa na moyo hupitia mapafuni kuchukua hewa. Uchafu ulio mapafuni haukai huko peke yake. Huichokoza mishipa ya damu mpaka inakuwa migumu, presha inapanda, na damu huwa nyepesi kuganda mahali isipotakiwa kuganda. Tena ndani ya moshi kuna gesi iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Damu ikibeba gesi hiyo, inabeba hewa safi kidogo, na moyo hulazimika kufanya kazi zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani, na zaidi ya nusu yake vilitokana na magonjwa ya moyo na kiharusi. Kumbe kifua siyo habari yote.

Mwenye kuvuta sigara katika nyumba hiyo anaongeza moshi juu ya moshi, na anawagawia wengine. Chumvi nayo isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu mmoja kwa siku nzima, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate na vitu vya dukani. Wale wanaonyunyizia tena mezani kabla hata ya kuonja, mnajijua.

Turudi jikoni, maana ndiko kikundi kinakoweza kufanya kitu. Vikundi vingi vimejenga majiko ya udongo ya kuni, kama lile la Maendeleo, na tunawapongeza, kwa sababu kuni zinapungua na mgongo wa mama unapumzika. Lakini tuseme ukweli: jiko jipya peke yake halitoshi. Utafiti mkubwa uliofanywa Malawi na kuchapishwa mwaka 2016 uliwafuata watoto zaidi ya 10,000. Nusu ya vijiji vilipewa majiko mazuri yenye feni ndogo, na nimonia ya watoto haikupungua. Moshi bado ulikuwepo: taka zilichomwa, tumbaku ilivutwa, na wengi waliendelea kutumia mafiga pembeni. Hata hapa kwetu tumeona jiko jipya likipikiwa chai huku githeri ikichemka kwenye mawe matatu, mlango umefungwa.

Kwa hiyo angalieni chumba pamoja na jiko. Dirisha moja upande wa upepo na lingine mkabala nalo, na nafasi kati ya ukuta na paa, hutoa moshi mwingi kwa gharama ya siku moja ya fundi. Bomba la moshi ni bora zaidi, mradi lipite juu ya paa na lisafishwe masizi. Kuni zianikwe mpaka zikauke kabisa na zipasuliwe ndogo. Maharagwe na mahindi makavu yalowekwe usiku kucha, na sufuria ifunikwe. Msiwashe moto kwa plastiki, hata kama kuni ni mbichi na mvua inanyesha. Na kama mchango wenu wa mzunguko unaweza kununua mtungi wa gesi wa kilo 6 kwa kila mama kwa zamu, huo ni ununuzi wa maana kuliko seti nyingine ya vikombe. Hata kama gesi itakuwa ya chai na uji peke yake, moto wa alfajiri umeondoka.

Wazee, neno moja. Tumeona nyumba kubwa ikiezekwa mabati mapya, na jiko likiachwa bila dirisha ati ni mambo ya wanawake. Anayetoa pesa za mabati na anayepumua moshi si mtu mmoja. Jambo hili lizungumzwe katika mkutano, mbele ya wote.

Wale wa sehemu za baridi, kama Limuru, Kinangop na Molo, wajihadhari na jiko la makaa chumbani. Makaa yaliyoshika hayana moshi, ndiyo maana yanadanganya. Ile gesi tuliyotaja iko pale pale, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata kama limebaki majivu mekundu tu.

Kuhusu presha, utafiti wa Serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja katika kila wanne anayo, na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa. Haina maumivu mpaka imeharibu. Alikeni muuguzi wa dispensari aje na mashine yake siku ya mkutano. Vipimo vikionyesha 140 kwa 90 au zaidi, mtu arudie kupimwa siku nyingine. Na mama anayekohoa zaidi ya wiki mbili asiambiwe tu kwamba ni moshi. Apelekwe apimwe makohozi, maana kifua kikuu nacho huanza hivyo hivyo, na dawa zake katika vituo vya Serikali hutolewa bure.