Simu Bila Vifaa Vyake ni Mzigo Tu Safarini

Msafiri wa zamani aliyetoka Nakuru kupanda milima ya Mau kuelekea Kuresoi alijua vizuri vitu vya kufunga katika mzigo wake. Alibeba koti zito, mwavuli na tochi yenye mawe mapya, na kama alikuwa mtu wa busara alivaa gambuti, maana tope la huko halina heshima kwa kiatu cha ngozi. Msafiri wa leo ana simu mfukoni, pengine na tableti, ile ambayo wataalamu wa lugha wameipa jina la kishikwambi, na mara nyingine kamera begani. Lakini mwulize amebeba nini cha kuvilisha na kuvilinda vitu hivyo, naye atakuonyesha waya mmoja wa chaja uliokatika shingoni na kufungwa kwa utepe.

Katika makala haya, ndugu msomaji, nataka tuzungumze juu ya vile vitu vidogo vinavyofuatana na simu na kamera. Madukani ni vingi kama njugu, na kila mwuzaji atakuapia kwamba bila hiki au kile safari yako haitafaa. Mimi nimesafiri mara nyingi katika sehemu hizi nikiwa na simu na kamera, na nimejifunza kutumia kipimo kimoja tu. Siulizi kifaa kinapendeza kiasi gani. Nauliza: nikikikosa, nitapoteza nini?

NJIA YENYEWE

Kwa wasioifahamu, Kuresoi iko magharibi mwa Kaunti ya Nakuru, katika nyanda za juu za Mau. Ukitoka mjini Nakuru unapita Njoro, kisha Elburgon, kisha Molo, mji uliokaa mita zipatazo 2,500 juu ya usawa wa bahari. Kutoka Molo unaelekea kusini hadi Keringet na baadaye Olenguruone. Ni nchi ya viazi, pareto, maziwa na majani chai. Asubuhi ukungu hulala juu ya mashamba kama blanketi, na mvua haihitaji kubisha hodi.

Nchi hiyo nzuri ina maadui watatu wa vifaa vyetu: ukosefu wa umeme, unyevu, na sahau. Huyu wa tatu ndiye mbaya kuliko wote, na nitamfikia baadaye.

SIMU NDIYO KIBETI

Tuanze na umeme. Zamani simu ikizimika ulikosa kuongea, basi. Tangu M-Pesa ilipoanza mwezi wa Machi 2007, simu imekuwa kibeti pia. Watu wengi hupanda matatu wakiwa na noti mbili tatu tu, na fedha zilizobaki ziko ndani ya simu. Sasa fikiria umeshuka Keringet saa moja ya usiku, baridi inauma, mwenye pikipiki anataka nauli yake, na simu yako imekufa. Fedha unazo, lakini huna hata senti moja. Ndiyo maana nasema kifaa cha kwanza cha msafiri si kava la rangi wala kioo cha kupambia skrini, bali ni pawabenki.

Lakini pawabenki nayo ina siri zake. Ile iliyoandikwa 10,000 mAh haikupi 10,000 zote. Hesabu hiyo ni ya betri zilizo ndani, ambazo nguvu yake ni kama volti 3.7. Kuipandisha nguvu hiyo hadi volti 5 za waya wa simu hula sehemu ya chakula, na nyingine hupotea kama joto. Kinachofika katika simu ni kama theluthi mbili. Kwa hiyo simu yenye betri ya 5,000 mAh utaijaza mara moja na kitu, wala si mara mbili. Ukiona nyingine imeandikwa 50,000 na ni nyepesi kama kiberiti, mwachie mwenyewe. Pawabenki halisi ya 10,000 ina uzito wa gramu 200 hivi, na uzito hauwezi kudanganya kama karatasi.

Jambo jingine: mahali ambapo mtandao ni hafifu, kama kandokando ya msitu wa Mau, simu huongeza nguvu ili kuutafuta mnara, na betri hushuka haraka hata kama hukuigusa. Iweke katika hali ya ndegeni mpaka utakapoihitaji. Na wakati wa baridi iweke simu mfuko wa ndani, karibu na kifua, maana betri za lithiamu huzubaa zikipoa.

Katika vituo vya biashara vidogo bado utakuta vibanda vya kuchajia simu, kila simu na kikaratasi chake chenye jina. Hivyo ni vya msaada mkubwa. Ushauri wangu ni kwamba usiache simu yako pale, acha pawabenki. Ndani ya simu mna fedha zako, picha zako na siri zako, lakini ndani ya pawabenki mna umeme tu. Ikichelewa utaingoja huku simu yako ikiwa mkononi.

Wengine hununua vibao vidogo vya sola vya kufunga kwenye mkoba. Kule Lodwar au Garissa vinaweza kukufaa, lakini katika ukungu wa Olenguruone wa mwezi wa Julai utangoja sana. Afadhali chaja ndogo ya kuchomeka katika tundu la kiberiti cha gari. Na waya beba mbili. Siku hizi kazi imekuwa rahisi kidogo kwa sababu nchi za Umoja wa Ulaya ziliamuru kwamba kuanzia Desemba 28, 2024, simu, tableti na kamera mpya zinazouzwa huko ziwe na tundu la aina moja, yaani USB-C. Waya mmoja mzuri wa aina hiyo unaweza kuvilisha vifaa vyako vyote vipya.

Msidhani nazungumza juu ya shida za wageni tu. Faith Kipyegon, bingwa wa mbio, ni binti wa sehemu hizi za Keringet. Hata hivyo, nyumba ya wazazi wake iliunganishwa na umeme mwaka 2024 tu, siku chache kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Paris, ambako binti huyo alitwaa dhahabu yake ya tatu mfululizo ya mita 1,500. Dunia nzima ilikuwa imekwisha mwona akikimbia kabla swichi haijabonyezwa nyumbani kwao.

Na kwa wanariadha na wengine wanaopanda ndege: pawabenki haiingii katika sanduku linalokwenda chini ya ndege. Ibebe mkononi, na isizidi saa-wati 100. Ile ya 20,000 mAh ni kama 74, kwa hiyo inapita. Mashirika mengine yameongeza masharti. Emirates, kwa mfano, ilikataza kuitumia ndani ya ndege zake kuanzia Oktoba 1, 2025.

UKUNGU NA JIKO

Adui wa pili ni unyevu. Watu huogopa mvua, na wana haki, lakini kuna maji mengine yasiyoonekana. Umepiga picha nje katika baridi ya alfajiri, kisha unakaribishwa jikoni kunywa chai. Moto unawaka, sufuria inatoa mvuke. Papo hapo lenzi inatoa jasho, na jasho hilo laweza kuingia hata ndani ya kamera. Dawa yake ni mfuko wa nailoni unaofungika vizuri. Itie kamera humo ukiwa bado nje, ingia nayo, uiache ipate joto polepole. Jasho litakaa juu ya mfuko, si juu ya kamera. Ndani ya mfuko tia vile vipakiti vidogo vya chembechembe vinavyowekwa katika masanduku ya viatu vipya. Watu huvitupa, kumbe kazi yake ni kunyonya unyevu.

Simu nyingi za bei ya juu zina alama ya IP67 au IP68. IP67 maana yake ni kwamba ilipimwa ikakaa katika maji matamu ya kina cha mita moja kwa dakika 30. Lakini ilipimwa ikiwa mpya! Mipira inayoziba matundu yake huchakaa, na simu iliyoanguka mara tatu si ile uliyoinunua. Ikilowa, izime, ipanguse, isimamishe tundu likitazama chini mahali penye hewa, wala usiichomeke kwenye chaja mpaka ikauke. Ile habari ya kuizika ndani ya mchele iacheni. Kampuni ya Apple yenyewe imewaonya wateja wake kwamba chembe za mchele zaweza kuiharibu simu. Mchele una kazi yake, nayo ni pilau.

SAUTI ZA WAZEE

Nije sasa kwa kifaa ambacho wengi hawakijui, ingawa ni kidogo kama punje ya haragwe: maikrofoni ya kubana kwenye kola. Simu hupiga picha vizuri kutoka mbali, lakini sikio lake hukusanya kila kitu. Ukimrekodi mzee akisimulia habari za ukoo wake ukiwa umekaa hatua nne kutoka kwake, utakwenda nyumbani na upepo, jogoo, na pikipiki iliyopita barabarani. Maneno ya mzee utayasikia kwa shida. Maikrofoni hiyo ukiibana karibu na kifua chake, hata mnong'ono unanaswa. Hakikisha ina kofia yake ya sponji au manyoya, maana upepo wa nyanda za juu haunyamazi.

Nalihesabu jambo hili kuwa kubwa. Katika milima hii kuna Wakipsigis, Waogiek, Wakikuyu, Wakisii na wengineo, na kila jamii ina wazee ambao vichwa vyao ni maktaba. Mzee akifariki hatutaweza kumwomba arudie.

PICHA INAYOONDOKA NA MGENI

Sasa huyo adui wa tatu, sahau. Nilikuwa upande wa Keringet nyumbani kwa bibi mmoja mkongwe, kogo kama wajukuu wake wanavyomwita kwa Kikalenjin. Nilipoomba ruhusa ya kumpiga picha alikubali, akaenda kubadili kitambaa cha kichwa, akarudi akakaa wima. Baada ya kubonyeza nilimwonyesha skrini. Akaitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza kwa upole, “Na yangu utaniachia lini?”

Swali hilo si dogo. Kuresoi na Molo ni nchi iliyopatwa na ghasia mwaka 1992, na tena mwaka 2007 na 2008. Nyumba zilichomwa na watu wakakimbia na walichoshika mkononi. Nyumba ikiungua, picha zilizotundikwa ukutani huungua nayo: picha ya harusi, ya mtoto aliyefariki, ya baba akiwa kijana. Kwa hiyo mgeni anayekuja na kamera, akapiga picha mia mbili na kuondoka nazo zote, anafanya kama yule anayechota maji kisimani na kukifunika asije mwingine akanywa.

Ndiyo sababu katika mkoba wangu kuna kichapishi kidogo kinachoingia mfukoni. Kinapokea picha kutoka kwenye simu bila waya na kutoa karatasi yenye ukubwa wa kadi. Picha zake si bora kama za studio, wala karatasi zake si za bei rahisi. Lakini kogo aliipokea yake kwa mikono miwili, akaitia katikati ya kurasa za Biblia. Asiye na kichapishi aende studio ya picha Molo au Nakuru, asafishe chache, azitume kwa matatu. Ahadi ya mdomo haitundikwi ukutani.

Nawe mwenyewe usitegemee chombo kimoja. Peter Krogh, mpiga picha wa Marekani, aliieneza kanuni iliyo rahisi kukumbuka: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, na moja ikae mahali pengine. Kwa msafiri hilo linahitaji vitu viwili tu vya bei nafuu: kisomea kadi kinachochomekwa kwenye simu, na flashi yenye ncha mbili. Kila jioni nakili picha za kamera katika simu, kisha katika flashi. Flashi isikae mkoba mmoja na kamera, maana mwizi hachagui. Ukifika mjini penye intaneti nzuri, zitume nakala nyingine mbali.

MKOBA MMOJA UNATOSHA

Basi, tukikusanya yote: pawabenki ya kweli, waya mbili, mfuko wa nailoni na vipakiti vyake, maikrofoni ndogo, kisomea kadi na flashi, na kichapishi kwa anayeweza. Vyote vinaingia katika mkoba usiozidi ukubwa wa mkate. Stendi ndefu ya miguu mitatu, taa za rangi na lenzi za kubandika, viache dukani mpaka utakapokuwa na kazi navyo.

Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya umeme itakufikisha unakokwenda. Akiba ya picha na sauti itabaki hata sisi tukiwa hatupo, na haifai ikae upande wa mgeni peke yake. Ukipanda Kuresoi, msomaji, beba na karatasi za kutosha kwa wenyeji.