Kabla ya Kuihukumu Ruta

Intaneti ikimkatikia mtu usiku, jambo la kwanza alifanyalo aghalabu ni kuichomoa ruta ukutani, kungoja kidogo, na kuirudisha. Na kwa kuwa mara nyingi dawa hiyo hufaa, husadiki kwamba ameitibu, ilhali hakufanya zaidi ya kuifutia kumbukumbu zake za muda na kuilazimisha iombe upya anwani kwa kampuni inayomwuzia huduma. Hitilafu ingalipo pale pale. Ikirudi wiki ijayo, na baadaye kila siku, ndipo mwenye nyumba huazimia kwenda dukani kununua ruta nyingine. Na katika azma hiyo wengi hupoteza fedha, kwa sababu hununua kabla ya kujua kama ile ya zamani ndiyo yenye taksiri.

Taksiri yaweza kuwa katika mahali patatu: katika waya uingiao nyumbani, katika ruta yenyewe, au katika hewa iliyo baina ya ruta na simu yako. Kupambanua si kazi ngumu. Chukua waya wa mtandao, unganisha kompyuta na ruta moja kwa moja, uzime waifai ya kompyuta hiyo, kisha utazame. Mambo yakienda sawasawa kwa waya na kuharibika bila waya, basi mtandao wa nje hauna neno, na yamkini ruta nayo haina neno. Adui yumo hewani. Yakiharibika hata kwa waya, fungua ukurasa wa mipangilio ya ruta kwa anwani iliyoandikwa chini yake, ambayo mara nyingi ni 192.168.1.1 au 192.168.0.1; ukurasa ukifunguka upesi ilhali tovuti za nje hazifunguki, ruta i hai na yamkini kasoro iko mbele yake. Wenye faiba wana shahidi mwingine, nayo ni taa iliyoandikwa LOS: ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki nyumbani, na hapo hata ruta ya bei ya dhahabu haitasaidia. Tena kuna siku ambazo kosa si la nyumbani wala la mtaani. Mnamo Mei 12, 2024, mikongo ya EASSy na Seacom ilipokatika baharini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ilizorota Tanzania, Kenya na nchi za jirani, na walioshinda wakizima na kuwasha ruta zao walijisumbua bure.

Kwa mwenye kuishi pwani, mtuhumiwa ninayemtanguliza mimi siku zote ni adapta, kile kidude cheusi kinachochomekwa kwenye soketi na kusahauliwa. Ndani yake mna kapasita zenye majimaji ya kemikali yanayokauka taratibu kwa joto, na mafundi hukadiria kwamba kila joto likizidi kwa nyuzi 10, umri wa kapasita hizo hupungua kwa nusu. Sasa fikiri hali ya adapta iliyokaa mwaka mzima nyuma ya kabati la televisheni, pasipopita upepo, katika mji ambao hata kivulini joto la Februari hupita nyuzi 30, huku umeme wenyewe ukikatika na kurudi kwa kishindo. Adapta iliyochoka huendelea kuwasha taa, ndiyo maana haishukiwi. Lakini ruta inapohitaji nguvu zaidi, mathalani watu wote wa nyumbani wanapotazama filamu kwa pamoja baada ya isha, volti hushuka, nayo ruta huzimika na kujiwasha upya. Dalili yake ni kwamba taa zote hufumba pamoja, kisha huanza kuwaka moja moja kama siku ilipofungwa. Fundi mwenye mita atakwambia kweli mara moja. Asiye na mita na aazime adapta nyingine, ila asome kwanza maandishi yaliyo chini ya ruta: volti lazima ziwe zile zile, ampea ziwe sawa au zaidi, na alama za chanya na hasi zilingane. Kuichomekea ruta ya volti 9 adapta ya volti 12, eti kwa kuwa ncha imeingia, ni kuitafutia mauti.

Ama hewa, hiyo ina mambo yake. Waifai husafiri kwa masafa mawili yaliyo mashuhuri, gigahezi 2.4 na gigahezi 5; mawimbi ya lile la pili ni mafupi, kiasi cha sentimita 6, hubeba data kwa kasi kubwa lakini hushindwa upesi na ukuta. Katika nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja, zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, ambazo kuta zake huweza kufika nusu mita kwa unene, mtu hukaa chumba cha pili asipate kitu, akailaani ruta ambayo haikumkosea. Aihamishe katikati ya nyumba, juu, mbali na tangi la maji na kioo kikubwa, au atandaze waya mpaka ghorofa ya juu na kuweka huko kifaa cha pili cha kusambaza. Hilo la waya ndilo ningelichagua mimi, kwani vile vidude vinavyodaka waifai dhaifu na kuirusha tena hurusha udhaifu ule ule. Katika gigahezi 2.4 taabu ni jirani: chaneli zisizoingiliana ni 1, 6 na 11 tu, na jiko la maikrowevu nalo hutumia masafa hayo hayo.

Ikiwa adapta ni nzima na waya ni mzima, nayo ruta huganda taa zikiwaka mpaka izimwe, kosa liko katika programu yake endeshi au kumbukumbu zake. Jaribu kuihuisha programu hiyo kutoka kwa mtengenezaji. Na kama mtengenezaji ameshaacha kutoa marekebisho, hapo nasema bila kusita: ibadilishwe, hata kama ingali ikifanya kazi. Mwaka 2018 programu ovu iliyoitwa VPNFilter iligunduliwa katika ruta na vifaa vya namna hiyo visivyopungua 500,000, na wenyewe hawakuwa na habari.

Kabla ya kununua, iulize kampuni yako ni ruta za namna gani zinazokubaliwa na laini yake, na kama laini ni ya PPPoE uombe jina la mtumiaji na nywila, maana bila hivyo ruta mpya itakuwa pambo. Ipe jina na nywila zile zile za zamani, na simu, televisheni na printa zitajiunga zenyewe. Ila ikiwa nywila hiyo inajulikana na mtaa mzima, basi tumia fursa hii kuibadilisha. Ile ya zamani, ambayo pengine ni mali ya kampuni na itadaiwa, ifute kwa kubonyeza kitufe chake cha nyuma kwa sindano mpaka taa zibadilike, kwa kuwa imehifadhi nywila zako za mtandao. Adapta yake, kama ni nzima, iandike kwa kalamu kwamba ni ya ruta gani kabla ya kuitia kwenye droo pamoja na zile nyingine ambazo hakuna nyumbani azijuaye ni za nini.